Mahari ya Mwerebi wa Kawangware 46

Asubuhi, kando ya reli ya Laini Saba jijini Nairobi, Amondi anamwagilia miche anayouza. Mteja akiulizia parachichi anamchagulia, kisha anarudi kwenye mti mmoja usiouzwa na kukagua majani yake.

"Huyu ni mwanaume," anasema. "Ametafuta bibi miaka mingi kuliko ndugu yangu."

Ni mwerebi, mti upendao maji, wa kisiwa alikozaliwa Amondi, ndani ya Ziwa Victoria. Kule umekatwa kwa kuni za kukaushia samaki hadi unakaribia kwisha. Amondi alikuja Nairobi na tawi moja, akalichomeka ardhini, likamea. Lakini mierebi huwa dume na jike, na bila jike hakuna mbegu.

Mwaka jana akasikia kuna mwerebi jike Kawangware 46, nyuma ya ploti ya Mzee Githinji, ulioachwa na mpangaji aliyetoka kisiwa hichohicho. Alipofika alikuta fundi ananoa panga. Githinji alitaka kuongeza vyumba.

"Mzee, usikate huyo! Ni msichana!"

Githinji akautazama mti, akamtazama mama huyo. "Kumbe? Basi leteni mahari. Hapa hatutoi bure."

Alikuwa anatania. Jumapili Amondi akarudi na jogoo kwapani, ndoo ya matawi ya dume yaliyochanua, na ndugu yake Osewe ndani ya koti la harusi lililokataa kufunga vifungo.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anakumbuka Githinji. "Lakini mtu amekuletea jogoo, utamwambia nini? Fundi nikamrudisha nyumbani."

Wakayafunga matawi yale kwenye mti jike. Baada ya wiki kadhaa mbegu zilipeperuka kama pamba, zikatua kwenye nguo alizoanika mpangaji Nabwire.

"Sweta nyeusi za shule, zote nyeupe!" anasema Nabwire. "Nikamwita huyo mama aje aone. Badala ya kusema pole, akaanza kubusu sweta."

Mbegu zilizobanduliwa kwenye sweta zile leo ni miche inayofika magotini. Mvua zikianza, Amondi ataipeleka kisiwani, aipande ufuoni karibu na shule aliyosomea.

"Githinji anasema lazima aende, yeye ndiye baba wa bibi harusi. Amenunua hadi kofia," anasema Amondi. "Na hajawahi kupanda boti. Miche najua itafika. Yeye, tunamwombea."