Viatu kwenye Kibaraza cha Mama Yosefina

Mboni, mpima ardhi mwenye watoto wawili, alikuwa amehamishiwa Ifakara kikazi. Siku nzima alitafuta nyumba, mkononi karatasi ya matokeo ya mitihani ya kila shule, akikataa tu: hii iko mbali na shule, ile mafuriko yameacha mstari ukutani. Jioni akafika mtaa wa Lumemo, akaelekezwa kwa mkulima mmoja, Mama Yosefina, akaganda. Jozi kumi na tisa za viatu vya shule zilipangwa kibarazani, zote zimepigwa kiwi zikang'aa.

“Shikamoo, mama. Hapa ni bweni?”

“Marahaba. Bweni wapi! Ni watoto wa mtaa huu. Wazazi wao wamehamia mashambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Kila msimu mmoja wetu anabaki na watoto wote, wasikose shule.”

“Na shamba lako?”

“Wenzangu wanalilinda.”

Mboni aliitazama karatasi yake ya matokeo. Hapakuwa na safu ya jambo kama hilo. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtaani kuna nyumba ya kupanga.

“Una watoto wangapi?”

“Wawili.”

Mama Yosefina aliinama, akasogeza viatu mpaka ikapatikana nafasi ya jozi mbili.