Pikapu Ambayo Fundi Hataki Kuitia Nta

Saa saba mchana, bati linalia kwa joto, na fundi amefunga mlango na dirisha. Hafichi kitu. Anaogopa upepo. Mtaa huu una wachomelea mageti kushoto na kulia, na vumbi lake lina chembe za chuma. Sumaku huziita nazo huja.

Mezani liko gitaa la umeme, limefunguliwa tumbo. Anabandika selotepu juu ya pikapu, anaikandamiza kwa kidole gumba, anaibandua taratibu. Inatoka na manyoya meusi. Anabandika nyingine.

“Ukipuliza, chembe zinaingia ndani. Ukisugua, unakata waya. Hapa ni kubembeleza tu, kama unamtoa mtoto kibanzi jichoni,” anasema.

Pikapu hukaa chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Ndiyo sikio la gitaa. Bila hiyo, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi. Ndiyo maana wapigaji humwita Daktari wa Masikio. Kazi yenyewe humpa mboga na kodi ya chumba, basi.

Kwa kutu tu humjua mwenye gitaa. Yuko anayetoka jasho la chumvi, yuko anayeegemeza kiganja kizima. Kwenye gitaa hili kutu imekaa pembeni, doa dogo la kijani, pale ulipolala mkono mdogo.

“Hili ni jasho la mke wangu,” anasema, na kijiti chake cha pamba kinapita kando ya doa bila kuligusa.

Mkewe aliimba na kupiga gitaa kwenye bendi ya ukumbi mkubwa, ule wenye ngazi za marumaru. Marumaru, wenye ukumbi walipata fedha ya kununua. Waya mmoja wa kuzikwa ardhini, ili umeme ukivuja uende udongoni usiende kwa mtu, huo hawakupata. Meneja alijua, wafagiaji walijua, na jibu likawa lile lile la wakubwa: tutalishughulikia.

Bendi ikajitungia adabu yake. Kabla ya kuimba, mkono mmoja uko kwenye nyuzi, mwingine unagusa maiki kwa mgongo wake. Kiganja kikishikwa na umeme hufumba, hakiachii. Mgongo wa mkono hurushwa. Waliita “kumwamkia mkwe”: kwa heshima, na kwa mbali.

Alasiri moja ya sherehe, umeme ulikatika. Mama yule alimwamkia mkwe wake kama kawaida, maiki ikawa kimya kama maji mtungini. Akaamini. Akasogeza midomo kwenye maiki aimbe hivyo hivyo bila spika, watu wasichoke kungoja.

Umeme ukarudi bila kupiga hodi, ukamchukua katikati ya neno. Neno gani, fundi hasemi.

Ukumbi ulilifungia gitaa stoo, mali ya ukumbi. Sasa kuta zimepakwa rangi, meneja ni mpya, na wanataka lipigwe siku ya ufunguzi. Atakayelipiga ni binti wa fundi na marehemu, ndiye kiongozi wa bendi sasa. Yeye ndiye aliyelileta hapa lisafishwe.

Siku alipoliunganisha kwenye amplifaya, fundi aliinama juu ya nyuzi akajisemea, “Haya mama, tuone.”

“Haya mama, tuone,” ikasema spika. Sauti nyembamba, ya kike, yenye mafua kidogo.

Bisibisi ikamtoka mkononi.

Sababu anaijua. Nta ya ndani imekauka, waya umelegea, na waya uliolegea hutetemeka hata kwa sauti ya mtu. Uzito wote wa koo hubaki nje, unapita wembamba tu.

“Najua ni mimi ninayesema. Pikapu nyingi zilizolegea nimeshazisikia. Lakini zile zilitoa sauti ya kopo. Hii inatoa ya mke wangu.”

Dawa ni rahisi. Unayeyusha nta kwenye kopo lililo ndani ya maji ya moto, unazamisha pikapu, vipovu vinapanda. Vikikoma, imeziba, haimsikii mtu tena, inasikia nyuzi tu. Kazi ya kabla ya chakula cha mchana. Hii imelala mezani wiki nyingi.

Majirani wanasikia mwanamume na mwanamke wakizungumza nyuma ya mlango uliofungwa, mwanamke akirudia kila kitu.

“Daktari, umeoa kimya kimya?” alimtania mchomelea mageti. “Tena umepata asiyebisha! Nielekeze na mimi.”

Fundi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mlango unagongwa. Ni binti.

“Shikamoo baba. Hujalitia?”

“Marahaba. Nta haijayeyuka vizuri.”

“Nta gani hiyo, ya mawe? Baba, likiwa hivi nikiongeza sauti linapiga yowe. Siwezi kulipigia watu.”

“Ndiyo vizuri.”

“Vizuri nini?”

“Usipoweza kulipiga, hutapanda pale.”

Binti anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. “Meneja anasema waya umeshazikwa.”

“Ulimwona aliyeuzika?”

“Niliona rangi mpya, baba.”

Kisha binti anawasha amplifaya, anainama mpaka nywele zinagusa nyuzi.

“Mama.”

“Mama,” inasema spika. Halafu inavuta pumzi.

Binti anasema pumzi ile ilikuwa yake. Fundi ameikodolea spika macho.

Kidole cha binti kinatafuta swichi, kinazima. “Litie nta, baba. Huyu tunamchosha.”

Fundi anawasha jiko. Nta inapokuwa laini, anaining’iniza pikapu kwa waya na kuizamisha. Vipovu vinapanda kwa wingi, kisha kimoja kimoja. Anageukia ukuta. Binti ndiye anayemwambia, “Vimekoma.”

Kuhusu ukumbi, fundi ana mpango wake. Kabla ya ufunguzi atakwenda na kipimo cha umeme na jembe, afukue kando ya ukuta mpaka aone huo waya. Wakimzuia, gitaa halitoki chumbani humu. Waya ukiwepo na kipimo kikiukubali, bado hajamaliza.

“Nitapanda mimi kwanza, umeme ukiwa unawaka,” anasema. “Mkono kwenye nyuzi, midomo kwenye maiki. Waheshimiwa wakae viti vya mbele, waangalie. Nikishuka kwa miguu yangu, mwanangu apande aimbe.”