Yakubu na Ndege wa Kisiwa cha Nyangwe

Yakubu alikuwa mpiga kasia wa Nyangwe, mpaka mzungu mmoja mpenda ndege alipomwajiri miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Kila kiangazi, maji ya mto Lualaba yakipungua, kisiwa cha mchanga kilitokeza, na ndege wenye mdomo mwekundu walikuja kutaga pale pale mchangani, bila kiota cha maana. Yakubu alishinda akiwatazama, akawavisha makinda vipete miguuni, na kando ya mayai akachomeka vijiti ili watu wasiyakanyage.

Hapo ndipo alipojiharibia. Nyangwe nzima ilivijua vijiti: moniteri wa pamba, yule msimamizi wa kilimo wa serikali, akichomeka vijiti kwako, shamba si lako tena. Na kisiwa kile kilikuwa kambi ya wavuvi, akiwemo Alimasi, shemeji yake.

Aliyebanwa katikati ni Subira, mke wa Yakubu, dada yake Alimasi. Mtu mzima na akili zake alipwe kwa kutazama ndege? Haikumwingia kabisa.

"Baba Fatuma, ile miti unachomeka kule kisiwani iko ya nini, kwa kweli?"

"Iko ya mayai tu, mama."

"Muzungu alivuka bahari juu ya mayai?"

Yakubu akacheka, na kicheko chenyewe Subira akakitilia shaka. Alipekua mifuko ya koti la mumewe, akakuta manyoya na makombo ya muhogo. Hakutulia hata hivyo.

Miaka ikaenda, ndege wakaongezeka, mzungu akafurahi. Kisha kiangazi kimoja akaja na askari: kisiwa sasa ni cha ndege, wavuvi watoke, na Yakubu avae kofia ya mlinzi. Yakubu akaitupa kofia majini mbele ya askari, wakamweka ndani. Subira alilia kwa aibu na kwa mapenzi. Kumbe maskini wa watu hakujua lolote!

Wavuvi hawakudanganyika, au ndivyo walivyojiona. Walisema ni maigizo tu, amepangwa na bwana wake.

Alimasi alipita kuaga, akihamia mbali mtoni na nyavu zake. Subira akamtetea mumewe mpaka sauti ikamkauka. Kaka yake alimsikiliza mpaka mwisho, akamkazia macho.

"Na weye, dada, ulijua mpango wao tangu siku gani?"