Bwana Koleo wa Chekechea

Watoto wa chekechea walimwita Mwalimu Mswaki, na jina likamkaa. Kila asubuhi, wakishakula, aliwapanga kuzunguka beseni uani na kumwekea kila mmoja dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, wala si zaidi, maana wapo waliokuwa wakiilamba kama asali. Kisha kazi ilianza: mbele, nyuma, juu ya magego, taratibu, kwa kuzungusha. Tema. Wakaidi hawakukosekana, na kwa ajili yao mwalimu alikuwa na dawa nyingine.

Dawa hiyo iliitwa Bwana Koleo. Alikuwa amemchora ubaoni, mrefu, hana shingo, ameshika koleo la kung'olea meno, kubwa kuliko kichwa chake. "Anapita nyumba kwa nyumba," mwalimu alikuwa akisema kwa sauti nzito. "Akikuta jino bovu, hambembelezi mtu." Watoto waliacha utani wakasugua. Wazazi walimsifu, naye, tusimfichie, kichwa kikamvimba.

Mpaka asubuhi ile alipomwona binti wa seremala ameinamia kikombe chake, mswaki mkavu mkononi. Shavu la kushoto lilikuwa limetuna.

"Mwanangu, shavu limekuwaje?"

"Hamna kitu, Mwalimu."

"Linauma?"

Mtoto alitikisa kichwa, midomo ameibana. Mwalimu alimgusa paji la uso akakuta linachemka. Alimpigia simu muuguzi wa zahanati ya meno ng'ambo ya barabara, akaambiwa uvimbe wa namna hiyo huenda una usaha, unaweza kupanda hadi jichoni, mtoto apelekwe sasa hivi. Akampigia baba.

Alisubiri mlangoni, hakai wala hatulii. Kila alipogeuka kumtazama mtoto, aliona shavu limeongezeka, hata kama halikuongezeka. Amelala na maumivu haya tangu lini, alijiuliza, na kwa nini hakusema?

Seremala alifika mbio kutoka karakana, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, aproni bado kiunoni, na koleo la kung'olea misumari likichungulia mfukoni. Binti yake alimtazama usoni, akatazama mfuko, akaingia chini ya meza.

"Njoo, mama. Ni mimi baba yako."

"Sitaki. Nitapiga mswaki, baba. Nitapiga kila siku."

Seremala aliinama kuchungulia chini ya meza. Mwalimu ndiye aliyeelewa. Kumbe mtoto alikuwa akimficha Bwana Koleo jino lake. Aibu ilimpanda, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu, kwa sababu kinywa kile kilipaswa kufunguliwa, na kilikuwa kimefungwa kwa kazi yake mwenyewe. Alipiga magoti sakafuni mbele ya darasa zima.

"Nisikilize, mwanangu. Bwana Koleo hayupo. Nilimtunga mimi ili msiwe wavivu. Nilikosea."

Mtoto akachungulia kutoka chini ya meza.

"Na daktari?"

Ulimi ulimwasha kusema haiumi hata kidogo, kama walivyozoea watu wazima. Akajizuia.

"Daktari yupo. Atakuchoma sindano ya ganzi, na sindano itauma kidogo. Jino huenda likang'olewa. Lakini maumivu haya ya sasa yatakwisha."

Mtoto alitoka taratibu, akapanda mgongoni kwa baba yake, ambaye alikwisha kuvua aproni na kuitupa pembeni pamoja na koleo lake. Walikuwa wamefika getini, mwalimu akiwafuata na sweta mkononi, mtoto alipogeuka.

"Mwalimu, ulisema jino la utoto likitoka, linaota lingine. Na hilo ulilitunga?"

"Hapana, mwanangu. Hilo ni kweli tupu."

Mtoto alimwangalia, jicho la kushoto likiwa dogo kwa uvimbe. Kisha akainamia sikio la baba yake.

"Eti baba, ni kweli?"