Nilimwekea Baba Mkwe Simu kwa Akaunti Yangu

Nimekosa mimi. Naanza na hilo, maana nikishaeleza wapo watakaosema kosa ni la simu. Simu iliuliza tu. Aliyejibu ni mimi.

Ni mama wa mtoto mmoja, naishi Nyasura hapa Bunda. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwenye simu janja wananiitaga fundi. Jirani akinunua simu mpya analeta kwangu: weka lugha, kuza maandishi, badili mlio, ondoa matangazo. Sifa hizo nilizipenda, sifichi.

Kwanza mjue baba mkwe wangu ni mtu wa namna gani. Yuko kijijini upande wa Butiama, analima pamba na ana ng'ombe wachache. Nilikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto. Ndugu wa mume wangu walipoanza kusema nirudishwe kwetu, yeye ndiye aliyesimama. Akawaambia, "Mkamwana haendi popote. Nilitoa ng'ombe nipate mtoto wa nyumbani, sikununua tumbo." Hawakulirudia tena.

Nilipojifungua mtoto wa kiume, mzee alifurahi hadi akalia. Akasema akimaliza kuuza pamba atakuja Nyasura kumpakata mjukuu na kumpa jina. Kwenye ukoo wao ndivyo ilivyo: jina la mtoto wa kwanza linatoka mdomoni kwa babu, mtoto akiwa mapajani kwake. Basi tukawa tunamwita Mgeni, tukisubiri.

Wiki hizo ziwa langu la kushoto likaota jipu. Nikalipiga picha, tena siyo moja, nikamtumia dada yangu aliyeko Musoma, ni nesi. Akanielekeza dawa, nikapona. Zile picha nikazisahau kwenye simu yangu.

Ndipo mume wangu, anayechimba dhahabu kule Buhemba, akamnunulia baba yake simu ya androidi. Akaniambia, "Fundi, nenda ukamwekee mzee." Nikabeba mtoto mgongoni, nikaenda.

Sasa, sisi mtu na mkwewe wana heshima yao. Sikai naye karibu, simpi kitu mkono kwa mkono, na jina lake silitaji kabisa. Kwa hiyo mimi nilikaa jikoni na simu, mzee akakaa barazani, na mama mkwe akawa anakwenda na kurudi katikati.

"Mama, muulize anataka lugha gani."

Mama akapeleka. Nikamsikia mzee: "Kama inajua Kizanaki, iweke Kizanaki!"

"Haijui. Kiswahili."

"Basi hicho hicho. Mbona mnauliza kitu chenye jibu moja?"

Alama ya kidole nayo ikagoma. Mama alimpelekea, akabonyeza, ikasema jaribu tena. Vidole vya jembe vile, vimesuguka kama kisigino. Mzee akapaza sauti, "Hii simu inataka vidole vya karani!" Tukacheka wote, mimi jikoni, yeye nje.

Kisha ikafika pale pa akaunti. Ikaniomba jina la kwanza la mwenye simu.

Jamani! Jina lake nalijua. Kulitaja nimekatazwa. Kuliandika hakuna aliyewahi kunikataza, ila kidole kilikataa. Nilianza herufi ya kwanza nikaifuta, nikaona aibu kama mtu aliyeingia chumbani kwa mkwewe. Mama mkwe naye hamtaji mume wake, anamwitaga Baba Fulani, kwa jina la mwanaye mkubwa. Ningeweza kumwita jirani aandike. Ningeweza kumsubiri mume wangu arudi. Nilikuwa fundi, nitasubirije?

Nikaweka akaunti yangu mimi. Ikauliza kama picha zihifadhiwe na kuonekana kwenye simu zote. Nikabonyeza ndiyo, kama ninavyobonyezaga ndiyo kwa kila mtu. Nikamkuzia maandishi, nikamwekea mlio wa jogoo, nikaweka na bando. Mama akampelekea. "Mwambie ahsante sana," nikasikia. "Mwambie ameniheshimisha."

Ameniheshimisha! Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Mzee alijifunza haraka. Akampiga picha dume lake, akaenda nayo mnadani kutafuta mteja kabla ya kumswaga ng'ombe mwenyewe. Wenzake wa rika lake wakamzunguka. Akafungua sehemu ya picha.

Sikuwepo. Nilivyosimuliwa, mmoja wao alichungulia akapiga kelele, "Mzee, dume lako mbona lina ziwa!" Wakacheka. Mwingine akaichukua simu, akasogeza kidole, akaniona mimi. Sura yangu, khanga imeshuka, mtoto pembeni. Ananifahamu. Kicheko kikakatika.

"Huyu si mkamwana wako?"

Mzee alisema, "Sijazitafuta hizo. Zimekuja zenyewe."

Ni nani angeamini maneno hayo? Hata mimi, nikiwa mkweli, ningekuwa mtu baki nisingeamini.

Habari ilifika kijijini kabla yake. Mama mkwe akaja Nyasura uso umemvimba kwa kulia. Hakukaa, alibaki mlangoni.

"Mkamwana, nijibu. Ulimtumia wewe?"

"Hapana, mama!"

"Basi amezitoa wapi?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Wakati ule nilikuwa sijui kweli, hilo naomba mnihesabie. Aliondoka. Nikachukua simu yangu kuzitazama zile picha, na hapo nikaona kitu. Katikati ya picha zangu kuna dume. Kuna picha ya kidole gumba. Kuna picha ya miguu yenye kandambili, barazani kwa mzee.

Mungu wangu, nikaelewa yote! Simu zetu zilikuwa zinakula sahani moja.

Hapo ndipo nilipotakiwa kukimbia nikamkamate mama njiani. Stendi haikuwa mbali. Badala yake mnajua nilifanya nini? Nilifuta. Nilifuta picha zangu zote za jipu, na kwa haraka nikafuta na dume lake. Nikaenda hadi kwenye kapu la taka la simu, nikamwaga na hilo. Nilijiambia nafuta aibu. Labda ilikuwa hivyo. Lakini nadhani nilijua kwamba nafuta ushahidi, sina uhakika, na kutokuwa na uhakika kwangu hakumsaidii mzee.

Maana siku ya pili aliwaita ndugu zake awaonyeshe jinsi picha zinavyokuja zenyewe. Akafungua. Hamna kitu! Wakamwambia, "Umezifuta, mzee. Mtu asiye na kosa anafutia nini?"

Mama mkwe akahamia kwa kaka yake anayeishi Guta. Mzee akaacha uongozi wa kanisani mwenyewe, kabla hajaombwa. Mume wangu akanipigia kutoka Buhemba, hata salamu hakuna: "Baba amekukosea heshima mara ngapi? Sema tu." Nikasema hajanikosea. Akasema, "Unamficha." Nikanyamaza! Nilinyamaza siku nyingi, naosha vyombo, nanyonyesha, naweka simu za watu. Niliogopa kuitwa mjinga. Ndugu zangu, mtu aliyekataa niitwe tumbo, nilimwacha aitwe mzee mwenye tamaa ili mimi niendelee kuitwa fundi.

Kilichonivunja ni pamba. Msimu ukaisha, watu wakauza, na mzee hakuja. Mgeni akaanza kukaa mwenyewe bila jina.

Nikampigia mume wangu, nikamwambia yote. Akasema, "Utayasema hayo mbele yao wote." Akaja, tukaenda. Wazee wa ukoo wakaitwa, na mama mkwe akaletwa kutoka Guta.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri kadiri ya uwezo wangu, lakini mwelezeni akaunti mtu ambaye hajawahi kuwa nayo!

"Kwa hiyo simu ni yako au yake?"

"Yake, baba."

"Picha?"

"Zangu."

"Sasa zilipitaje?"

"Kwenye mtandao."

"Nani aliyezituma?"

"Hakuna aliyezituma, baba."

"Unaona!" akasema mzee mmoja akiwageukia wenzake. "Zimekuja zenyewe. Wamepanga neno moja."

Nikasema nitawaonyesha. Nikapiga picha kuku aliyekuwa uani, nikaweka simu ya mzee juu ya kigoda katikati yao. Nikawaambia ngojeni, atatokea humu. Wakainama wote kutazama. Mtandao wa kule! Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Nikaipandisha simu yangu juu ya mti wa uzio, nikazima, nikawasha. Kinazunguka tu. Nilitaka kuipiga chini! Wazee wakaanza kukohoa, wakatafuta fimbo zao. Wakaondoka mmoja mmoja, na wa mwisho akaniambia, "Mama, una roho nzuri ya kumtetea mkweo."

Kuku alitokea baadaye, jua linaelekea kushuka. Mlio ulisikika kwenye kigoda, na waliobaki walikuwa mzee, mama mkwe, mume wangu na mimi niliyesimama mlangoni jikoni. Mama mkwe aliishika ile simu, akamtazama kuku kwenye kioo, akamtazama kuku uani. Akaenda akakaa karibu na mume wake.

Mzee alisema, "Kumbe." Neno moja tu. Hakunitazama.

Mama alirudi nyumbani kwake, namshukuru Mungu. Mume wangu amenisamehe, au anajitahidi, siwezi kumsemea. Lakini wale wazee hawakumwona kuku, na mnadani hakuna aliyeitwa kuelezwa. Ni wengi mno, utawaelezea wapi wote?

Mzee alituma neno kwa mama mkwe: "Mwambie sina kinyongo naye. Lakini nyumbani kwake siwezi kuingia tena, watu watasema." Na jina la mtoto akalituma vivyo hivyo. Mama ndiye aliyekaa kitini kwangu, akampakata, akalisema.

Mtoto sasa anatembea. Siku za mnada babu yake anapita njia ya mbele ya nyumba yetu na baiskeli. Mtoto akimwona anakimbilia barabarani akiita. Mzee anapunguza mwendo, anaweka mguu mmoja chini, anamsalimia kwa jina lake lote. Halafu anaondoka. Hajawahi kushuka.

Nyie mnaowawekea wazee simu, nawasihi. Ukifika pale inapouliza ya nani, simama! Usijaze ya kwako kwa sababu una haraka au una aibu. Na kama umeshakosea, kimbia ukaseme siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wamekusanyika. Mimi nilisema ukweli wote, ila nilichelewa, wakawa wameshaondoka.