Mtumishi wa Bwana

Harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi hunirudisha Rosettenville, kwenye chumba ambamo cherehani ya mama ilibanana na kitanda changu. Mama alitoka Bukavu, Kongo, na ufundi wake wa kushona na Kiswahili chake. Mimi nilizaliwa Johannesburg, Kiswahili nikikisikia vizuri ila kila nilipokizungumza nilijikwaa.

Majira ya baridi nilipokuwa darasa la tano, nilipewa sehemu ya samurai katika maonyesho ya historia. Niliwapenda mno watu hao wa Japani ya kale: walivyolipwa mchele na mkuu wao, walivyomfuata vitani kwenye mvua na matope, kibendera chenye alama yake kikipepea mgongoni ili wasipotezane katika mapigano. Mwalimu alisema asiye na vazi atampisha mwenzake. Nikamweleza mama kwa maneno machache niliyokuwa nayo kwamba samurai ni mtumishi.

"Anatumikia nani?" akauliza.

"Bwana wake."

Uso wake ukang'aa. "Mutumishi wa Bwana! Hiyo nguo ninaijua muzuri."

Kanisani kwetu mtumishi wa Bwana ni mchungaji. Asubuhi ya maonyesho nilikuta joho jeupe limenyooshwa, lina msalaba mwekundu kifuani. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilipomweleza habari za vita na kibendera, mama alicheka sana, akanifuta machozi, kisha akakata kipande cha kitenge, akakishonea kwenye mpini wa ufagio na kunifunga mgongoni. Kupotea njia ndiko kujua njia, alisema, twende.

Jukwaani nilisimama nusu mchungaji, nusu askari. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ninamtumikia bwana wangu na nitamfuata hata kufa. Kiingereza cha mama kilikuwa cha nyimbo za kanisani, na neno hilo la bwana, "Lord", alilijua. Akainuka kule nyuma.

"Amina!"

Wazazi wakaangua kicheko, kisha nao wakaitikia amina. Nikamaliza sehemu yangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Siku hizi mimi ni mkalimani, na Kiswahili changu kimenyooka. Mama haoni tena tundu la sindano. Juzi mwanangu aliniomba, kwa Kiingereza, vazi la mwanaanga kwa ajili ya shule. Nilimwelewa neno kwa neno, nikamnunulia dukani kule Fordsburg, likamkaa sawasawa. Akashukuru, na jioni lilikuwa limetupwa chini ya kitanda. Joho langu bado ninalitunza kabatini. Nilimwonea huruma mwanangu: alipata kile alichoomba tu.