Dagaa Wasiomtazama Mtu

Skolastika wa Makoko anauza dagaa, na ana sheria ambayo hata makanisa yameshindwa kuishika: hamhubirii mtu ambaye hajaomba. Anayetaka hadithi yake ya Alhamisi humwandikia mwenyewe, "Niweke." Ndipo anapotumiwa sauti ya dakika nne kwa WhatsApp.

Keraryo, jirani yake wa meza, alimcheka sana. Yeye alitangaza kwenye kila kundi lililomwingiza, hata la msiba wa Bunda: "Poleni wafiwa. Dagaa wapo, bei poa." Walimtoa kwenye kundi kabla marehemu hajatoka mochwari.

Hadithi ya Skolastika haisemi nunua. Inasema: "Kulikuwaga na mwanaume mmoja pale Kiriba, mrefu kama nguzo ya umeme. Kiboko haogopi. Ila dagaa akimkodolea macho sahanini, tonge linarudi chini. 'Mama, huyu ananitazama.' Basi mke anakaa, anachomoa vichwa, kimoja kimoja, huku anamtukania ukoo." Kila Alhamisi anaongeza kipande. Watu wa Mwanza na Dodoma, ambao maisha yao yote hawajawahi kutishwa na dagaa, wakaanza kuagiza wasio na vichwa.

Wasichojua ni kwamba huyo mwanaume ni Apolinary, mume wake, aliyegombana naye akarudi kwa mama yake Butiama. Mwaka wa pili huu. Namba yake Skolastika anaijua kuliko Baba Yetu.

"Si umtumie tu?" Keraryo alimwambia.

"Hajaomba."

"Mwanamke wewe! Mume naye mpaka ajiandikishe?"

"Nikimwingilia bila hodi nitakuwa nina tofauti gani na wewe?"

Juzi Jumatano akapiga simu Gati, dada yake Apolinary, ambaye yeye aliomba zamani. "Wifi, ile hadithi yako nikiifungua, kaka anajifanya anafunga kiatu. Alhamisi iliyopita kafunga dakika nne nzima. Ndala, wifi! Amevaa ndala!"

Skolastika alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, kisha akabaki ameishika ile kanga usoni.

"Kasema chochote?"

"Kasema niongeze sauti."

"Hiyo kakuomba wewe."

Alhamisi alirekodi taratibu. Akasimulia siku mwanaume alipoondoka na begi moja, na mke, kwa mazoea, akachambua sahani nzima ya vichwa jioni ile, kisha akakaa anaitazama. Akakomea hapo. "Anayetaka kujua mwisho, aombe mwenyewe."

Simu haikupumzika. Mwanza ikaomba, Dodoma ikaomba, padri mmoja akaomba kwa kificho. Skolastika aliiegemeza kwenye debe, kioo kikimwelekea, huku vidole vikichomoa vichwa. Kila ilipolia aliangalia namba kwanza.

Wote aliwajibu sawasawa: "Vumilieni kidogo. Kuna mtu mmoja hajaomba bado."